Kuzunguka Miji ya Vyuo ya Bonde la Mto Connecticut kwa Siku Moja: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila mwaka napokea ndugu, jamaa na wazazi wa wanafunzi wanaotaka kuliona bonde hili kwa gari, na maswali yao huwa ni yale yale. Nimeyakusanya hapa. Kama una haraka, nenda moja kwa moja kwenye swali la njia. Siku ya mgeni huharibika au hutengemaa kutokana na njia aliyochagua.

## Mwanzo

Bonde hili liko wapi, na vyuo vyenyewe ni vipi?

Liko magharibi ya jimbo la Massachusetts, Marekani, pale Mto Connecticut unapolikata jimbo kutoka kaskazini kwenda kusini. Ndio mto mrefu kuliko yote ya New England, yaani majimbo ya kaskazini-mashariki mwa Marekani, maili zipatazo 410 (kilomita 660) kutoka mpakani mwa Kanada hadi baharini.

Vyuo ni vitano. Mount Holyoke kiko South Hadley. Amherst College, Hampshire College na Chuo Kikuu cha Massachusetts, ambacho kila mtu hukiita UMass, viko Amherst. Smith kiko ng'ambo ya mto, Northampton. Mount Holyoke na Smith ni vyuo vya wanawake. Tangu 1965 vyuo hivi vina umoja rasmi, na mwanafunzi wa kimoja anaruhusiwa kusoma somo katika kingine.

Kwa nini vyuo vyote vimerundikana mahali pamoja?

Kwa sababu vilizaana, na ukilijua hili kabla ya kuwasha gari utaviona kwa jicho jingine.

Cha kwanza ni Amherst College, 1821. Hapo alifundisha Edward Hitchcock, mwanajiolojia, na mwanamke mmoja aitwaye Mary Lyon alijifunza sayansi kwake na kukaa nyumbani kwao. Mary Lyon akapita kijiji kwa kijiji akichangisha fedha, na inasimuliwa kwamba alizibeba katika mfuko wa mahameli ya kijani. Mwaka 1837 akafungua shule ya wasichana huko South Hadley, ambayo ndiyo Mount Holyoke ya leo. Halafu kijiji cha Hatfield, kando ya mto, kulikuwa na Sophia Smith aliyeachiwa mali na kaka yake na asijue aifanyie nini. Mchungaji wake, aliyesoma Amherst, akamshauri. Aliacha wosia wa kujenga chuo cha wanawake, na Smith ikafungua milango 1875 ikiwa na wanafunzi 14.

UMass ina asili tofauti: ilianzishwa 1863 kama chuo cha kilimo, kwa sheria ya shirikisho iliyotoa ardhi kwa vyuo vya namna hiyo. Hampshire ndiyo kitinda mimba. Ilibuniwa na vyuo vinne vya kwanza kwa pamoja na kupokea wanafunzi 1970.

Siku moja inatosha kweli?

Inatosha kuliona bonde, lakini haitoshi kuvikagua vyuo vyote vitano kwa undani. Mzunguko mzima ni kama maili 30, yaani chini ya kilomita 50, kwa hiyo kuendesha hakutakula muda wako. Muda unaliwa na kusimama. Chagua vyuo viwili vya kuingia ndani na kutembea kwa utulivu, vile vingine uvipitie tu. Nimewaona wageni waliotaka vyote vitano kwa usawa. Jioni walibaki na picha za mageti.

## Kupanga siku

Nije majira gani?

Katikati ya Oktoba, kama unaweza. Majani ya miti aina ya mepo yanageuka mekundu na rangi ya chungwa, vyuo viko wazi na mashamba bado yana mavuno. Tatizo ni kwamba kila mtu analijua hilo, kwa hiyo vyumba vya kulala huisha mapema na bei hupanda.

Mei na Juni kuna mboga za asparaga za mji wa Hadley na jua linachelewa kuzama hadi karibu saa 2:30 usiku, lakini baada ya mahafali ya Mei viwanja vya vyuo huwa vitupu. Desemba jua linazama kabla ya saa 10:30 jioni, na siku yako ni nusu.

Siku zipi nisije?

Wikiendi za mahafali ya Mei, na siku za wanafunzi kuhamia mabwenini, mwishoni mwa Agosti na mwanzoni mwa Septemba. Barabara namba 9 kati ya Northampton na Amherst inafunga kabisa kwa foleni, hasa darajani. Epuka pia Jumatatu, kwani makumbusho mengi hufungwa siku hiyo.

Natoka Boston au New York. Niondoke saa ngapi?

Kutoka Boston ni kama saa 2 za kuendesha kupitia barabara kuu ya 90. Kutoka New York ni kama saa 3 na zaidi kidogo kupitia 91. Lengo ni kuwa South Hadley saa 3 asubuhi, kwa hiyo wa Boston aondoke kabla ya saa 1, na wa New York alale njiani au Springfield usiku wa kuamkia safari. Ukitua kwa ndege, uwanja wa karibu ni Bradley, jimbo la Connecticut, chini ya saa moja kutoka hapa.

## Njia

Nipite wapi, na kwa mpangilio gani?

Anzia kusini, South Hadley, kwenye chuo cha Mount Holyoke. Ukitoka hapo shika barabara namba 47 kuelekea kaskazini, nayo itakupeleka kando ya mto hadi Hadley. Njiani upande wa kulia utaona kibao cha Skinner State Park, kwenye mlima Holyoke. Panda. Barabara ya lami, nyembamba na yenye kona, inafika hadi kileleni penye hoteli ya zamani ya mbao yenye veranda pana.

Nasisitiza kupanda huko asubuhi, si jioni kama wengi wanavyofanya. Ukisimama kwenye ile veranda unaliona bonde zima: mto unavyojikunja, mashamba ya Hadley yaliyokatwa vipande virefu kama mikeka iliyoanikwa, mnara wa maktaba ya UMass kule mbali, na Northampton upande wa kushoto. Ukishaliona hivyo, siku nzima unajua uko wapi. Chini yako kuna ziwa lenye umbo la kwato. Ndilo alilolichora Thomas Cole katika picha yake mashuhuri ya 1836. Wakati ule lilikuwa bado ni mto wenyewe. Miaka minne baadaye mto ulijikatia njia fupi na kuliacha pindo lake pembeni.

Ukishuka endelea na 47 hadi Hadley, kisha kata kulia kwenye namba 9 hadi Amherst. Kula hapo mchana, tembea, pita UMass. Ukipenda Hampshire, shuka kusini kwa namba 116 kama maili 3 na kurudi. Mwisho rudi na namba 9, vuka mto kwa daraja la Calvin Coolidge na uingie Northampton, mji wenye mikahawa mingi na watu barabarani hadi usiku.

Barabara ya mlimani hufungwa majira ya baridi, na hata wakati wa kiangazi geti lina saa zake. Angalia siku moja kabla.

Mbona ramani ya simu inaniambia nipite barabara kuu ya 91?

Kwa sababu simu inahesabu dakika. Barabara ya 91 iko ng'ambo ya pili ya mto, na utakachoona ni miti na malori. Ile 47 utaokota vitu vingi njiani, na kimoja ni maghala ya tumbaku. Ni majengo marefu ya mbao yaliyopauka, na mbao za ubavuni zina bawaba: moja hufunguliwa, nyingine huachwa, ili upepo upite kwenye majani yaliyoning'inizwa ndani. Tumbaku ya bonde hili ilitumika kufungia sigara kubwa, na bado wako wanaolima.

Udongo wenyewe una historia. Mwishoni mwa enzi ya barafu hapa palikuwa na ziwa kubwa, na wataalamu wameliita kwa jina la yule yule Hitchcock wa swali la pili. Ziwa lilipokauka liliacha udongo laini usio na mawe, tofauti kabisa na vilima vinavyolizunguka.

Nikiwa na dakika 40 tu kwa kila chuo, nione nini?

*Mount Holyoke*: tembea uwanjani, kando ya maziwa madogo. Kuna jumba la sanaa lisilo na kiingilio. Usikae sana, kwani mlima unakungoja.

*Amherst College*: Beneski, makumbusho ya historia ya asili, bure. Shuka ghorofa ya chini kwenye mabamba ya mawe yenye nyayo za dinosaria. Mwaka 1802 kijana wa shamba huko South Hadley aliziona nyayo za namna hii akilima, na watu wakasema ni za kunguru wa Nuhu. Hitchcock alizikusanya kwa miaka mingi akiamini ni za ndege wakubwa wa kale. Nyayo zimekandamizwa kwenye mawe mekundu, vidole vitatu vitatu, na nyingine zina alama za matone ya mvua pembeni. Mvua ile ilinyesha miaka karibu milioni 200 iliyopita.

Hatua chache kutoka chuoni ni nyumba ya mshairi Emily Dickinson, aliyezaliwa humo 1830 na kufia humo 1886. Kuingia ni kwa tiketi yenye saa maalumu, basi nunua kabla.

*UMass*: angalia swali linalofuata.

*Hampshire*: chuo kidogo ambacho badala ya alama za A na B mwalimu humwandikia mwanafunzi tathmini ya maneno. Kimepitia misukosuko mikubwa ya fedha, na 2019 hakikupokea kundi kamili la wanafunzi wapya, kwa hiyo soma habari zake za karibuni kabla ya kwenda. Jirani yake ni makumbusho ya Eric Carle, ya sanaa ya vitabu vya picha vya watoto.

*Smith*: nyumba ya vioo ya mimea, ya 1895. Ingia hasa wakati wa baridi. Nje kuna theluji, na ndani unakutana na mgomba na harufu ya udongo uliolowa. Mama mmoja kutoka Tanga niliyempeleka Februari alishika jani la mgomba, akanyamaza kwa muda, na hakutaka kutoka.

Mwafrika ana kitu gani cha kumgusa katika bonde hili?

Vipo, na viwili sivikosi kamwe.

Cha kwanza ni ile maktaba ndefu ya UMass, jengo la matofali lenye ghorofa zaidi ya 20. Tangu 1994 inaitwa kwa jina la W.E.B. Du Bois. Alizaliwa 1868 Great Barrington, jimbo hili hili, akawa miongoni mwa viongozi wa harakati za umoja wa Afrika, akahamia Ghana kwa mwaliko wa Kwame Nkrumah, na akafariki Accra tarehe 27 Agosti 1963. Makaratasi yake yamehifadhiwa humo: barua, miswada, picha. Anayetaka kuyasoma aandike mapema kwa idara ya nyaraka. Chinua Achebe naye alifundisha UMass miaka ya 1970, na James Baldwin, mwandishi Mmarekani mweusi, miaka ya 1980.

Cha pili kiko Florence, kitongoji cha Northampton ambacho wageni wengi hawakijui. Miaka ya 1840 palikuwa na jumuiya ya watu waliopinga utumwa, walioishi pamoja na kuendesha kiwanda cha hariri, weusi kwa weupe wakiwa sawa. Sojourner Truth, aliyezaliwa mtumwa New York, alijiunga nao, na jumuiya ilipovunjika 1846 akabaki hapo miaka mingine mingi. Sanamu yake imesimama kwenye kibustani kidogo tangu 2002. Ni dakika 10 kwa gari kutoka katikati ya Northampton. Nenda kabla giza halijaingia.

Tutakula wapi?

Amherst na Northampton kuna kila aina ya chakula kwa kila mfuko. Lakini usipite Hadley bila kusimama kwenye vibanda vya wakulima. Mei ni asparaga, Agosti ni mahindi mabichi, Oktoba ni maboga na matufaha. Vibanda vingine havina muuzaji: kuna meza, bei imeandikwa kwenye kadibodi, na kisanduku cha kutumbukiza fedha. Beba noti ndogo ndogo. Karibu na Hampshire kuna duka kubwa la shamba liitwalo Atkins, na vitumbua vyao vya juisi ya tufaha, vikiwa na moto, ni sababu tosha ya kushuka na ile 116.

## Udereva

Nimezoea kuendesha kushoto. Nitaweza?

Aliyetoka Kongo, Rwanda au Burundi hana shida. Huku pia ni kulia. Wa Kenya, Tanzania na Uganda ajihadhari hasa mahali pawili. Kwanza ni kutoka kwenye maegesho matupu asubuhi, pasipo gari jingine la kukukumbusha upande. Pili ni kipilefti. Ndiyo, vipo, viwili vikifuatana karibu na duka la Atkins. Jina lenyewe linakudanganya: huku unazunguka kinyume na ulivyozoea, na unampisha aliye ndani, anayetokea kushoto kwako.

Sheria zipi huwakamata wageni?

Basi la shule la njano likisimama na kuwasha taa nyekundu, simama, hata kama unatoka upande wa pili wa barabara. Mtu akikanyaga zebra, simama. Miji hii ina wanafunzi wanaovuka bila hata kutazama. Simu mkononi ni kosa tangu 2020. Kwenye taa nyekundu unaruhusiwa kukata kulia baada ya kusimama kabisa, isipokuwa pana kibao kinachokataza. Mwendo umeandikwa kwa maili: 30 ni kama kilomita 48.

Barabara ya kulipia nalipaje?

Ile 90 kutoka Boston haina vibanda vya kulipia tangu 2016. Kamera inapiga picha namba ya gari na bili inafuata. Kwa gari la kukodi, uliza kabla ya kuchukua ufunguo. Kampuni moja ilinitoza ada ya huduma kwa kila siku niliyokuwa na gari, ingawa nilipita barabara ile mara moja tu. Njia ya 91 kutoka kusini hailipiwi.

Nitaegesha wapi?

Katikati ya Amherst na Northampton kuna maegesho ya kulipia. UMass tumia jengo la maegesho la wageni na usijaribu viwanja vyenye vibao vya vibali, kwani faini ni za haraka. Vyuo vidogo vina nafasi za wageni. Muulize mlinzi yeyote, ni watu wa msaada.

## Hali za pekee

Nina watoto wadogo.

Acha jumba la sanaa, acha nyumba ya mshairi. Mlima asubuhi, dinosaria, Eric Carle, vitumbua, basi. Watalala kwenye gari kabla ya daraja.

Nampeleka mzazi asiyeweza kutembea sana.

Njia ile ile inamfaa, kwa sababu gari linafika karibu na kilele cha mlima. Nyumba ya vioo ya Smith iko kwenye eneo la mteremko, kwa hiyo mshushe mlangoni kwanza ndipo ukaegeshe. Mletee shuka hata Septemba. Upepo wa kileleni ni wa baridi.

Mwanangu anafikiria kuomba nafasi ya masomo. Tuongeze nini?

Wekeni miadi ya matembezi rasmi, kimoja asubuhi na kimoja mchana, mkipunguza vituo vingine. Mwacheni mtoto aulize mwenyewe. Swali la fedha liulizwe wazi kila chuo, kwa sababu taratibu zinatofautiana sana. Amherst College, kwa mfano, haiangalii uwezo wa familia kulipa wakati wa kuchagua, hata kwa mwanafunzi wa kutoka nje ya Marekani, na humsaidia aliyechaguliwa kufidia upungufu wote kama chuo kinavyoupima. Wazazi wengi wa kwetu huangalia ada iliyoandikwa, wakakata tamaa kabla ya kuuliza.

Sina gari.

Treni inasimama Northampton, na mabasi ya PVTA yanaunganisha vyuo vyote vitano. B43 ndiyo ya Northampton kwenda Amherst. Vyuo utaviona, mlima hutaufikia. Likizo za vyuo mabasi hupungua, kwa hiyo tazama ratiba.

Theluji ikianguka siku ya safari?

Ahirisha. Kama ni lazima, baki kwenye namba 9 na uachane na 47.

Nitakutana na mtu wa kuongea naye Kiswahili?

Uwezekano ni mkubwa kuliko unavyodhani. Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazofundishwa kupitia kituo cha lugha cha vyuo vitano, na wapo wanafunzi Wamarekani watakaokusalimia "shikamoo" na kusubiri kwa hamu uitikie. Itikia "marahaba", hata kama umri wako haujafika. Springfield na West Springfield, nusu saa kusini, zimepokea familia nyingi za wakimbizi, zikiwemo za kutoka Kongo, na sokoni utasikia "habari yako" ya lafudhi ya Kivu.

Nikipata siku ya pili?

Nenda kaskazini. Pita Sunderland uone mkuyu mkubwa ajabu kando ya barabara namba 47, panda mlima Sugarloaf kwa gari, kisha uende Deerfield, kijiji cha mtaa mmoja wa nyumba za mbao za karne ya 18. Tarehe 29 Februari 1704 kilishambuliwa alfajiri na Wafaransa pamoja na Wenyeji wa Amerika walioungana nao, na zaidi ya watu 100 wakachukuliwa mateka, wakatembezwa kwenye theluji hadi Kanada. Katika makumbusho yaliyo jirani umehifadhiwa mlango mmoja wa nyumba uliosalia, na tundu la shoka liko pale pale katikati ya mbao.